Albamu ya Duma: imesifiwa ng'ambo, nami nimeipitisha kwenye spika zangu

Nyota nne kati ya tano. Naitanguliza alama kwa sababu wengi wetu tukisoma maoni ya wanunuzi ndiyo tunayoitafuta kwanza, halafu tunaamua kama maneno mengine yana haja.

Bidhaa yenyewe ni albamu ya kwanza ya Duma, kundi la vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, kwenye sauti, na Sam Karugu kwenye gitaa na kompyuta. Albamu inaitwa kwa jina la kundi. Ina nyimbo tisa, ilirekodiwa Kampala mwaka 2019 katika studio ya Nyege Nyege, ikatolewa Agosti 2020 na lebo ndogo inayojitegemea ya studio hiyohiyo, Nyege Nyege Tapes. Nimeinunua Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, kwa pesa yangu, sikupewa na mtu ili niisifu. Na ili mjue nasikiliza kwa masikio ya nani: mimi ni fundi wa mitambo ya sauti. Harusi, matanga, makanisa, mikutano ya siasa. Kazi yangu ni kuhakikisha kelele haitokei. Hii ni albamu ya watu waliokaa studio miezi kuhakikisha kelele inatokea.

Kwa asiyeijua aina hii ya muziki, nitajaribu. Chukua metali, ile roki nzito ya magitaa makali, tena ile ya kasi kupita zote, graindikoo (grindcore), ambayo wimbo unaweza kuisha kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Mwondoe mpiga dramu, umweke kompyuta anayepiga kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauifikii. Ongeza besi iliyopasuliwa makusudi, milio ya umeme inayokwaruza, gitaa lililopotoshwa hadi hulitambui, na katikati ya vurugu hiyo mtu anayepiga mayowe kutoka tumboni. Mara anakoroma, mara anachinjwa. Maneno huyashiki, na wala hukualikwa kuyashika.

Nusu ya pili ya ukoo wake ni ule muziki wa giza unaoitwa indastriali (industrial). Huo ulianzia Uingereza katika miaka ya 1970. Kundi la Throbbing Gristle lilianzisha lebo yake, Industrial Records, mwaka 1976 na jina likabaki. Kule Sheffield, mji wa chuma, walikuwepo Cabaret Voltaire. Na mwaka 1980 Einstürzende Neubauten wakaanza Berlin Magharibi, wakipiga vyuma chakavu na drili jukwaani. Ukiusoma muziki huo vizuri utaona ulizaliwa katika miji ambayo viwanda vyake vilikuwa vinakufa, kwa hiyo ndani yake kuna baridi fulani, kama ya mtu anayekagua jumba lililohamwa. Duma hawana baridi hiyo, na hapo ndipo nilipoanza kuwapenda. Kelele yao inanikumbusha Kamukunji saa nne asubuhi, mafundi wa jua kali wakikata mapipa ya mafuta na kuyagonga yawe masanduku, majiko na karai, kila mmoja na mdundo wake na hakuna anayemsikiliza mwenzake, na bado ukisimama dakika tano unaanza kutikisa kichwa. Pale kelele ni watu wanatafuta chakula.

Sasa tuje kwa wahakiki. Majarida ya muziki ya Uingereza na Marekani yaliipokea albamu hii kwa mikono miwili, na ilipofika Desemba 2020 ikaingia katika orodha kadhaa za albamu bora za mwaka. Baadaye hata Sub Pop ya Seattle, lebo iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana, ikawatolea nyimbo mbili. Sifa hizo sizipingi. Lililonikera ni kwamba karibu kila uhakiki nilioupitia ulianza na ramani. Kenya, tena metali, tena ya namna hii! Mshangao huo ukajaza nusu ya makala, na muziki ukagawiwa aya mbili za mwisho.

Mshangao wenyewe hauna msingi. Zambia walikuwa na bendi za roki nzito tangu miaka ya 1970, WITCH wakiwa mbele. Botswana wana Overthrust na Skinflint na mashabiki wanaovaa ngozi nyeusi na kofia za pama kwenye jua la Kalahari. Nairobi nayo ilishakuwa na Parking Lot Grass na Last Year's Tragedy kabla Duma hawajawa Duma, na hawa wawili wenyewe walitoka Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Hawakuanguka kutoka mbinguni na gitaa mkononi. Walipitia maonyesho ya mashabiki thelathini na spika za kukodi. Spika hizo nazijua, nimeshawahi kuzibeba.

Na kuna jambo la wakati. Agosti 2020 ilikuwa ya korona. Kwetu kafyu ilianza saa tatu usiku, tamasha hakuna, baa zimefungwa. Ng'ambo nako hali ilikuwa hiyohiyo. Kwa hiyo muziki ulioundwa kwa ajili ya mwili, wa kusukuma upepo kifuani, ulihukumiwa na watu waliofungiwa ndani na hedifoni masikioni. Ndiyo maana, nadhani, maneno ya kubanwa, kukosa hewa na mwisho wa dunia yalijaa sana katika uhakiki wa wakati ule. Kila mtu alikuwa amebanwa. Mimi pia niliisikiliza mara ya kwanza kwa hedifoni, ikanichosha kufika wimbo wa nne.

Ikawa nyingine kabisa nilipoipitisha kwenye mtambo. Nilikuwa nimefunga spika mapema kwa ajili ya shughuli fulani, ukumbi mtupu, nikataka kupima wufa, zile spika za besi. Nikaweka "Lionsblood". Kwenye hedifoni ngoma za wimbo ule zinasikika kama mvua ya mawe kwenye mabati, zimeshikana, huzitenganishi. Zikipata chumba zinaachana. Unasikia kwamba chini kuna mdundo unaokimbia na juu yake kuna mwingine unaotembea, na mayowe ya Khanja yamekaa juu ya ule unaotembea. Ndiyo siri ya wimbo: mbio zote zile zina mtu mmoja ndani yake asiye na haraka. Mlinzi wa ukumbi alikuja kuuliza kama mashine imeharibika. Akabaki hadi wimbo ukaisha.

Kasi hiyo wahakiki waliifananisha na bendi za Uingereza na Ujerumani. Sishangai, kila mtu hupima kwa kibaba cha kwao. Lakini kwa sikio langu ndugu wa karibu yuko Mburahati, Dar es Salaam. Lebo hiihii ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, singeli kutoka studio ya Sisso, muziki unaopita mapigo 200 kwa dakika bila kutoa jasho. Sisemi Duma wameiga singeli. Nasema mtu aliyezoea kucheza singeli kwenye kigodoro, sherehe ya usiku ya mtaani, ukimwekea Duma, atalalamika juu ya mayowe. Juu ya kasi hatasema kitu. Hilo ningependa kuliona katika uhakiki hata mmoja.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu mbili. Ya kwanza ni miksi, yaani jinsi sauti zilivyochanganywa na kupangwa. Sauti ya Khanja imezamishwa mno. Najua ni makusudi, najua muziki huu hupenda sauti iwe kifaa kimojawapo na si mfalme, lakini kuna mahali ambapo gitaa, kelele na mayowe vinagombania nafasi ileile katikati ya wigo wa sauti, na matokeo yake ni ukuta wa rangi moja. Ningelishusha gitaa kidogo katika sauti za kati na kila kitu kingepumua. Ya pili ni kwamba nusu ya mwisho inarudia mbinu. Mara umeshajua kwamba pakitulia hivi, panakuja kupasuka. "Pembe 666" na "Sin Nature" ni nyimbo nzuri ukizisikiliza pekee. Zikifuatana masikio yanakuwa yameshachoka na yanazionea.

Kuna mapokezi mengine ambayo wahakiki wa mbali hawakuyagusa, nayo ni ya nyumbani. Katika nchi ambayo mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, mtu anayepiga mayowe gizani na kuandika 666 kwenye jina la wimbo hahukumiwi kwa vigezo vya muziki. Anaombewa. Jirani Uganda, tamasha la Nyege Nyege la Jinja, jukwaa la watu hawa hasa, lilinusurika mwaka 2018 baada ya waziri wa maadili, Simon Lokodo, kutangaza kulipiga marufuku. Kwa hiyo huku ni shetani, kule ni maajabu ya Afrika, na katikati wamekaa vijana wawili wanaojua kazi yao na wanaotaka mtu aseme kama besi imekaa sawa.

Nilipomwekea dada yangu mkubwa, mama wa kanisa hasa, aliniuliza swali moja: "Huyu kijana analia nini?" Katika yote niliyosoma kuhusu Duma, sikuona swali zuri kuliko hilo.

Jibu, au sehemu yake, nilikuja kulipata katika albamu ambayo Khanja aliitoa peke yake Aprili 2024, The Adept, chini ya lebo yake mwenyewe, HAEKALU. Aliitoa kwa heshima ya bibi yake mzaa babu, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha fildi-mashali katika Mau Mau. Mnamkumbuka: alikaa na nywele zake za msituni miaka yote hiyo hadi Mama Ngina Kenyatta alipomnyoa mwaka 2022, akafariki mwaka uliofuata. Sisemi kila yowe ni la msituni. Ila nikiisikiliza sasa albamu ya 2020 siisikii tena kama hasira ya kijana aliyekatazwa kutoka usiku.

Kwa ufundi, The Adept imerekebisha lile lililonisumbua: sauti imeinuliwa, unamsikia mtu anavyobadilisha koo. Lakini ina wageni wengi, karibu kila wimbo una mkono wa mtu mwingine, na inakosa ule ukaidi wa watu wawili waliojifungia chumba kimoja wakakubaliana kuharibu kitu. Kama pesa yako inatosha moja tu, anza na Duma. Ukiona unaanza kumsubiri Khanja badala ya ngoma, nunua ya pili.

Maelekezo machache kwa mnunuzi. Usiisikilize kwa faili uliyotumiwa WhatsApp; kelele ikibanwa mara mbili inageuka kuwa mchanga, na utamlaumu Karugu bure. Bandcamp ukishalipa unaruhusiwa kupakua katika muundo unaoutaka, kwa hiyo chukua FLAC au WAV, miundo isiyopoteza sauti, hata kama simu inalalamika nafasi. Usianze na sauti ya juu kabisa, spika ndogo za mezani zitakufa kwenye wimbo wa kwanza, na tafadhali usiisikilize kwenye matatu na hedifoni kwa safari nzima, masikio ni mawili tu na hayana spea. Kwenye spika za ukubwa wa wastani, kata kidogo zile sauti kali za juu, acha besi kama ilivyo. Nyimbo tatu kwa mkao mmoja zinatosha kwa anayeanza.

Santuri yake sijainunua. Usafirishaji kutoka Ulaya ukijumlisha na ushuru wa hapa unakaribia bei ya santuri yenyewe, na posta ikiikunja hakuna wa kumlalamikia. Nina binamu anarudi Desemba, nimeshamwambia aache nafasi kwenye begi.