Miaka minne na Crown Athlete: raha yake, na mafundi walionitoa jasho

Wakuu, hili swali la "Crown vipi, haisumbui?" naulizwa karibu kila wiki, kuanzia mlinzi wa kazini mpaka shemeji zangu, sasa ngoja nilijibu moja kwa moja. Yangu ni Toyota Crown, toleo la Athlete la 2009, kodi yake GRS200, injini V6 ya cc 2500, niko nayo mwaka wa nne. Naishi Goba, kazi iko Posta, kwa hiyo kila siku ni vumbi au tope kwanza, halafu lami, halafu foleni. Sijaikodisha wala sijaitafutia picha za mtandaoni, nimeitumia kama gari ya kwenda kazini na kurudi na sukari.

Niliichukua mkononi kwa mtu hapa hapa Dar. Kuagiza nilipiga hesabu nikachoka, maana forodha wanataka asilimia 25, VAT 18, ushuru wa bidhaa 10 kwa sababu cc zimepita 2000, na juu yake kuna ile tozo ya uchakavu kwa magari ya zamani. Wakenya ndio kabisa, wao gari ikizidi miaka 8 haiingii, kwa hiyo za umri huu wanabadilishana wenyewe kwa wenyewe.

Raha yake sasa. Aisee ukishakalia ile siti na ukafunga mlango, kelele ya bodaboda inabaki nje. Siku ya kwanza naipeleka Morogoro, kilometa kama 190, mama yangu alilala kuanzia Kibaha akaja kushtuka tuko Chalinze akauliza mbona tumesimama, kumbe alidhani bado tupo Kibaha. Giaboksi ya gia sita inabadilisha bila kukutikisa, na ukiihitaji kupita lori unakanyaga kidogo tu imeshaondoka. Tatizo ni kwamba huisikii ikikimbia, unaangalia mshale uko 110 na wewe unahisi 70, nimeshalipa faini ya elfu 30 ya tochi za trafiki mara tatu na zote nilikuwa naongea na mtu kwa utulivu kabisa.

Vituko navyo vipo. Kila ukiwasha kuna dada anakuambia kitu kwa Kijapani, watoto wangu wanamuitikia "marahaba". Nilikuja kujua anasema kadi ya ETC haijawekwa, yani kadi ya kulipia barabara za haraka za kwao. Ramani ni ya Japani, ukiwa Ubungo yeye hajui uko wapi. Redio inaishia 90 kwa sababu Japani enzi hizo masafa yao yalianzia 76 mpaka 90, kwa hiyo Clouds 88.5 unaipata safi ila EFM 93.7 sahau mpaka ununue kile kidude cha kuongeza masafa ambacho kwangu kinakoroma mvua ikinyesha.

Mafuta ndio kila mtu anataka kusikia. Foleni ya Mwenge jioni napata kilometa 7 kwa lita, siku mbaya inashuka hapo, safari ndefu ukitulia inafika 11 na kitu. Tanki linabeba lita 71, siku ukijaza fulu utaangalia ile mashine ya sheli mara mbili. Mtu akikuambia Crown ya V6 inakula kama Passo mkimbie.

Haya, matatizo. Mwaka wa pili gari ikaanza kutetemeka asubuhi, ukiwasha inasita kama mtu anayetafuta neno, ikishapata moto inatulia. Nikapeleka kwa fundi mmoja, akabadilisha plagi. Ikaendelea. Akasema koili, nikanunua koili sita. Ikaendelea. Akaja na hukumu kwamba injini imekufa, tushushe tuweke nyingine, na injini anayo rafiki yake (rafiki yake! siku zote injini ina rafiki). Nikaomba siku mbili nifikirie, nikaongea na jamaa mmoja kazini ana Mark X, injini ni hiyo hiyo 4GR, akacheka akaniambia hiyo ni masizi.

Ni hivi, hizi injini za D4 zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha, mvuke wa oili unagandia pale miaka na miaka mpaka vali inavaa koti. Iko kwenye cc 2500 na ile ya 3000 pia. Ile ya 3500 ina mfumo wa kupuliza sehemu mbili, ndani na kwenye manifodi, ndio maana wenye nazo hawalalamiki sana kwa hili. Dawa ni kufungua manifodi na kusafisha vali kwa mkono, kazi ya siku moja na nusu, na gharama yake haikufika hata robo ya ile injini ya rafiki. Gari ikarudi kunyamaza. Zile koili sita ninazo stoo, anayetaka aje.

La pili ni giaboksi, na hapa nilijitakia. Fundi mwingine wakati wa kumwaga oili akasema tubadilishe na ya giaboksi, akatafuta stiki ya kupimia kila mahali hakuiona, mimi nimesimama pembeni namwangalia mtu anatafuta kitu ambacho hakijawahi kuwepo, hii giaboksi haina stiki, inapimwa kwa nati ya chini ikiwa na joto maalum. Akaweka oili nyekundu ya dumu lisilo na jina, kwa kukadiria. Inatakiwa Toyota WS tu. Wiki mbili tu gia ya pili ikaanza kugonga. Nilibahatika, nilimwaga yote mara tatu na WS ndio ikakaa sawa, ila jirani yangu alifanyiwa hivyo hivyo na yeye akaishia kununua giaboksi.

Gari kukaa chini chini nako ni kilio cha Goba. Matuta ya mtaani watu wanajijengea wenyewe kwa urefu wanaotaka, unapita kiubavu kama kaa na bado inakwaruza. Rimu za Athlete ni 18 na tairi ni jembamba, 225/45, shimo moja la usiku unasikia mpaka kwenye meno. Bushi za mbele nimeshabadilisha mara mbili, shokapu mara moja. Halafu saiti mira, vioo vya pembeni, hizo usiache bila kuchorwa namba na kupigwa ribiti, mimi zangu zilikaa Sinza usiku mmoja tu zikaondoka zote mbili.

Shemeji yangu ana Royal Saloon, toleo jingine la Crown, naye anaisifia kuliko mimi, na nikikaa kwake naona wivu kidogo. Rimu zake ndogo, tairi limenona, inapita mashimo kama mtumbwi, ina pazia la umeme kioo cha nyuma. Ila siti zake za kitambaa cha kirimu, na wewe una watoto na juisi ya ukwaju, utajua mwenyewe. Jamaa mwingine alijipeleka kwenye Crown Majesta ya V8 yenye shokapu za upepo, ikilala usiku inashuka upande mmoja kama imechoka, sasa hivi anapanda mwendokasi.

Kama unanunua, nenda asubuhi kabla mwenyewe hajaiwasha, shika boneti uhakikishe ni ya baridi, halafu mwambie awashe wewe ukiwa umesimama mbele uone kama inatetemeka. Ukikuta tayari inaunguruma na mwenyewe anatabasamu, rudi kesho yake. Barabara yako kama ni mbovu chukua Royal, achana na sura. Mimi naipa nyota nne, na yangu siuzi, ingawa wiki hii imeanza kutoa mlio mpya mbele kushoto na nimeongeza sauti ya redio.