Laibrari ya kuunganisha Python na Fortran: inakimbia kweli, ila imenigeuzia jiji

Jamani, jina la hiyo laibrari (msimbo wa tayari unaounganisha lugha hizo mbili za kompyuta) naliacha, ni ile inayojinadi kwamba hakuna kukopi, lugha zote mbili zinashika memori ileile. Kasi ipo, hilo siwanyimi, meza ya namba iliyokuwa inachukua muda wa kunywa chai sasa inapita hapohapo.

Kazi yangu ni hesabu za abiria wa Dar, mstari ni wanakotoka, safu ni wanakokwenda, Python inaandaa meza halafu inaikabidhi kwa programu ya zamani ya Fortran ipige hesabu za msongamano. Majibu yakatoka eti asubuhi watu wanamiminika kutoka Kariakoo na Posta kwenda Mbagala na Gongo la Mboto. Asubuhi! Aliyewahi kugombania daladala Rangi Tatu kule Mbagala saa kumi na mbili anajua huo ni uongo mtupu. Na hakuna onyo hata moja, programu imemaliza salama, jumla ya abiria iko sawa, maana jumla haibadiliki meza ikipinduliwa.

Iko hivi, NumPy, laibrari ya Python ya meza za namba, kwa kawaida inazipanga kwenye memori mstari kwa mstari kama lugha ya C, Fortran tangu miaka ya 1950 inapanga safu kwa safu. Baiti ni zilezile, kila upande unazisoma kivyake. Meza ya 3 kwa 4 namba zinachanganyika hovyo unashtuka mapema, ila ya mraba inageuka kimyakimya, kutoka kunakuwa kwenda. Kinachoniuma ni kwamba taarifa IPO, Python ikitoa bafa ya arei (memori yenye namba za meza) inatoa na straidi zake, yaani uruke baiti ngapi kufika mstari unaofuata na ngapi kufika safu inayofuata, ile ya 3 kwa 4 yenye namba za baiti 8 inakwambia 32 na 8. Laibrari inazipokea halafu inazitupa, inabaki na pointa (anwani namba zinapoanzia) na vipimo tu, nimeona mwenyewe kwenye msimbo wao.

Nikawaandikia kwa adabu, na mfano mdogo wa kuonyesha. Jibu: hiyo ni kawaida, kila mtu anajua Fortran inaanza na safu, tiketi (yaani ripoti yangu ya tatizo) imefungwa. Hata asante hakuna. Kila mtu nani? Kijana anayejifunza Python leo chuoni hiyo Fortran kaionea wapi?

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya kasi, maana ukitanguliza np.asfortranarray, amri ya NumPy ya kupanga meza safu kwa safu, majibu yanakaa sawa. Lakini hapo si umeshakopi meza nzima, sasa sifa yao imebaki wapi? Hapana, moja, na hiyo moja ni nyingi. f2py (nayo ya kuunganisha Python na Fortran) inayokuja na NumPy yenyewe inakagua mpangilio kwanza, usipofaa inakopi yenyewe, inachelewa kidogo ila haidanganyi, nimehamia huko. Na wewe uliyenijibu, kama unasoma hapa, ifungue ile tiketi.