Sedani mpya ya spoti: nyongeza za kulipia kwanza na za kuacha

Ukikaa na muuzaji kujaza oda, mazungumzo huanzia kwenye vitu vinavyoonekana: rangi, rimu, mapambo ya kaboni. Anza kwingine. Kila nyongeza iulize kwanza kama fundi anaweza kuifunga baadaye. Iliyoshikana na nyaya, kompyuta na bodi ya gari ilipiwe sasa, kwa sababu kuifunga baada ya gari kutoka kiwandani hugharimu mara kadhaa ya bei ya kwenye orodha, na mara nyingi haifanyi kazi sawasawa. Iliyoshikiliwa na boliti chache inaweza kusubiri miaka. Mpangilio wetu unafuata kipimo hicho, kisha unaangalia kama nyongeza inabadilisha namna gari linavyokwenda.

1. Difu ya kubana

Difu ni gia zilizo katikati ya ekseli zinazoyaruhusu matairi ya kushoto na kulia kuzunguka kwa kasi tofauti. Ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa matairi hayo mawili, kwa hiyo tairi lenye mshiko mdogo ndilo linaloamua nguvu kiasi gani inafika barabarani. Kwenye kona uzito huhamia upande wa nje. Tairi la ndani linabaki jepesi, linazunguka bure, na gari lenye nguvu nyingi linashindwa kutoka kwenye kona. Difu ya kubana mara nyingi ina klachi ndani yake inayoyashika matairi hayo mawili yasipishane kasi kupita kiasi.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganywa. Magari mengi huiga kazi hiyo kwa kukanyagia breki tairi linalozunguka bure. Hiyo husaidia kwa sekunde chache kwenye utelezi, lakini ukiendesha kwa nguvu kwa muda mrefu hupasha pedi moto na kula sehemu ya nguvu ya injini. Muulize muuzaji swali moja: kuna klachi ndani ya difu, au ni breki tu? Magari ya ngazi ya juu kabisa kama BMW M3 na Cadillac CT5-V Blackwing huja nayo tayari. Kwenye matoleo ya chini yake, mara nyingi imefichwa ndani ya pakiti fulani, yaani nyongeza kadhaa zinazouzwa pamoja. Difu za aina hii huhitaji oili yenye kiambato maalumu cha klachi; ikitiwa oili isiyo sahihi, hulia na kutetemeka kwenye kona za mwendo mdogo.

2. Shokapu zinazojirekebisha

Vali za umeme ndani ya shokapu hufunguka na kujibana kufuatana na barabara na mwendo. Faida kubwa ni kwamba gari linakuwa laini pale unapolihitaji liwe laini. Kuzifunga baadaye maana yake ni shokapu nne, sensa za urefu wa bodi, kompyuta yake na nyaya zote. Hakuna sababu ya kuingia huko.

Ubaya wake ni mmoja na ni mzito: ikianza kuvuja baada ya dhamana kuisha, kila shokapu ni ghali kuliko ya kawaida. Anayekusudia kukaa na gari miaka kumi, na barabara zake ni nzuri, anaweza kuchagua saspensheni ya kawaida ya spoti bila majuto. Wengine wote walipie.

3. Viti na taa

Kiti ndicho sehemu ya gari unayoigusa kila dakika, na ni kigumu kubadilisha kwa sababu ya mifuko ya hewa na sensa zilizomo. Kaa kwenye kiti hichohicho, si kinachofanana nacho, kwa dakika thelathini. Angalia mambo matatu: mbawa za pembeni zisibane mbavu, ukingo wa mbele ushike mapaja, na mabega yaguse mgongo wa kiti bila kusukumwa mbele. Viti vya kaboni vya mtindo wa mashindano ni vyepesi na hushika mwili vizuri sana, lakini vina kingo ndefu za kupanda kila unapoingia na kutoka. Kwa gari la kila siku, chagua viti vya spoti vyenye mbawa zinazorekebishika.

Taa za LED zinazokata mwanga sehemu alipo dereva anayekuja, huku zikiacha kwingine kumulika, zinategemea kamera ya kwenye kioo cha mbele na kompyuta yake. Ukiendesha usiku mara kwa mara, zilipie.

4. Rimu na matairi

Hapa kwa kawaida ushauri wetu ni kupunguza malipo, au kutolipa kabisa. Tazama vipimo vitatu vya tairi ambavyo kipenyo chake chote karibu ni sawa (namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni ukuta kama asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi):

245/40 R18: ukuta wa tairi milimita 98
245/35 R19: milimita 86
245/30 R20: milimita 73.5

Kutoka inchi 18 hadi 20 umepoteza karibu robo ya mpira unaoilinda rimu. Shimo ambalo tairi la inchi 18 lingelimeza linaipinda rimu ya inchi 20, au linakata nyuzi za ukuta wa tairi na kuacha uvimbe ubavuni. Tairi lenye uvimbe halizibwi, linatupwa. Rimu kubwa pia mara nyingi ni nzito zaidi, na uzito ulio chini ya springi ndio shokapu hupata tabu kuudhibiti.

Chagua rimu ndogo kabisa inayopita juu ya kalipa za breki, yaani vishikio vya pedi. Ukitaka kubwa kwa ajili ya sura, zinunue baadaye na ubaki na hizi kama seti ya pili. Kama kuna chaguo la rimu za kufuliwa (metali iliyogandamizwa kwa nguvu kubwa) badala ya kumiminwa kwenye kalibu, zichukue: ni imara zaidi kwa uzito uleule.

Uliza pia kama matairi ni ya aina inayotembea bila upepo. Kwa kawaida hukufikisha hadi kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, lakini kuta zake ni ngumu na gari huwa halina spea. Matairi ya kiangazi nayo hupoteza mshiko joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na kwenye barafu hayafai kabisa.

5. Breki

Diski za kaboni na seramiki zina karibu nusu ya uzito wa zile za chuma, hazishiki kutu na hutoa vumbi kidogo. Kwenye barabara ya kawaida hazikufanyi usimame mapema kwa kukanyaga mara moja, kwa sababu kikomo ni mshiko wa tairi. Kingo zake humeguka fundi akizigonga na rimu anapofunga tairi, na kwa kuwa huwa ni pana, zinaweza kukulazimisha kuchukua rimu kubwa. Chukua za chuma. Kinachowaangusha wengi kwenye uwanja wa mbio ni mafuta ya breki yaliyonyonya unyevu: yanachemka, pedali inalainika. Yabadilishe kila miaka miwili, na ukienda uwanjani weka mapya na pedi zinazostahimili joto.

Pakiti ya uwanjani iangalie kwa makini. Ikileta rejeta ya ziada na kipozaji cha oili ya giaboksi, ina thamani. Ikileta stika na kalipa nyekundu, iache.

6. Nguvu kwenye matairi yote manne

Ni ya msaada mkubwa kwenye theluji na kwenye mvua. Huongeza makumi ya kilo, na hudai matairi manne yaliyochakaa sawasawa. Ukiharibu moja, huenda ukalazimika kununua yote.

7. Vinavyoweza kuachwa

Paa la kioo huongeza uzito juu kabisa ya gari, pasipotakiwa, na hupunguza nafasi ya kichwa. Mtu mrefu mwenye helmeti hatatosha. Likiwa la kufunguka, mifereji yake ya maji huweza kuziba na kulowesha zulia. Rangi isiyong'aa haipigwi polishi: mkwaruzo mmoja ni kupaka kipande kizima upya. Maonyesho ya mwendo kwenye kioo cha mbele ni mazuri, ila miwani ya jua yenye polaroidi huyafifisha, na kioo kikipasuka hudai kile maalumu pamoja na kuipanga upya kamera. Mapambo ya kaboni na ekzosi, gereji nzuri itakufungia siku yoyote.

Kabla ya kusaini

Tengeneza gari mara mbili kwenye tovuti ya kampuni: kwanza kwa pakiti, kisha kwa nyongeza mojamoja, ulinganishe jumla. Nyongeza moja mara nyingi hulazimisha nyingine au kuizuia. Kwa kila kinachowashwa kwa programu, pata kwa maandishi kama umekinunua moja kwa moja au ni malipo ya kila mwezi, na kama kinahamia kwa mnunuzi wa pili. Ulizia tarehe ya mwisho ya kubadilisha oda; ikipita, kiwanda kimeshapanga vipuri vyako. Kisha pokea karatasi yenye msimbo wa kila nyongeza na uisome mstari kwa mstari.

Siku ya kupokea gari, linganisha karatasi hiyo na gari kabla ya kusaini. Pima upepo wa matairi, maana magari husafirishwa yakiwa yamejazwa kupita kiasi, na ulizia kama vizuizi vya safari vimetolewa kwenye springi. Vikibaki, gari litadunda kama halina shokapu.