Haiku beta 5 kwenye laptop ya mtumba: siku mbili iligoma kuwaka, leo naandikia humohumo

Kwa mwenye haraka: Haiku, mfumo endeshi wa kompyuta, nimeipenda sana ila usiiweke kwenye kompyuta yako pekee ya kazi. Ukiwa na laptop ya pili imelala kabatini endelea kusoma, maana kuitumia ni rahisi, shughuli ipo kwenye kuifanya iwake, na hapo ndo wengi wanakata tamaa wanadhani mashine yao haifai kumbe ni kitu cha dakika tano tu.

Kwanza hii sio Linux, naomba lieleweke. Ni mfumo endeshi unaojitegemea, umejengwa upya kwa kufuata BeOS, mfumo wa zamani wa kampuni ya Be Inc. ya Jean-Louis Gassée ambayo mali zake zilinunuliwa na Palm mwaka 2001. Mwaka huohuo wapenzi wake wakaanza kuujenga upya wenyewe kwa kujitolea, jina la Haiku likaja 2004, na mpaka leo bado wenyewe wanaiita beta, hii ya 5 ilitoka Septemba 2024. Kwahiyo ukiingia ingia ukijua ni mfumo wa majaribio.

Mashine yangu ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, ramu GB 4, SSD ndogo. Ya mtumba lakini nzima.

Kosa langu la kwanza lilikuwa flashi. Nilishusha ISO (faili moja lenye imeji ya mfumo mzima) nikaikopi ndani ya flashi kama unavyokopi muvi, haikuwaka hata kidogo. Ile imeji lazima iandikwe yote kama ilivyo, tumia Etcher (programu ya kuandikia imeji kwenye flashi), au kama uko Linux tumia amri ya dd na uangalie vizuri unaelekeza diski ipi usije ukafuta yako. Nilivyoiandika upya kwa Etcher ikaonekana kwenye menyu lakini mashine ikaikataa, hapo shida ilikuwa Secure Boot (ulinzi unaokataa kuwasha mifumo usioitambua), ingia kwenye mipangilio ya BIOS (programu ya mashine inayotangulia kabla ya mfumo kuwaka) uizime, usipoizima hufiki popote.

Sasa twende kwenye ikoni, na hapa ndo nataka nikae kidogo maana hakuna aliyenielezea mapema. Haiku ikiwaka inaonyesha ikoni saba kwenye mstari, zinawaka moja baada ya nyingine, na kila moja ina maana yake! Ya kwanza ni atomu, ya pili diski yenye lenzi, ya tatu kadi, ya nne ni diski ya kuwashia, ya tano chipu, ya sita folda na ya mwisho roketi. Ikikwama usikimbilie kuizima, tazama imeishia wapi. Yangu iliishia ya nne, maana yake keneli (kiini cha mfumo) imeshaamka vizuri ila haijaiona diski inayotakiwa kuendelea nayo. Flashi nilikuwa nimeichomeka kwenye tundu la bluu la USB 3, nikaihamishia lile jeusi la USB 2, ikapita palepale. Siku nzima nimehangaika kumbe ni tundu. Kama wewe unawasha kutoka diski ya ndani na imekwama hapohapo kwenye ya nne, angalia BIOS kama namna ya kuendesha diski imewekwa RAID, ibadilishe iwe AHCI (kama kuna Windows humo jiandae kwanza, inaweza kugoma kuwaka baada ya hapo).

Kisha ikafika roketi halafu skrini nyeusi. Hiyo mara nyingi ni draiva ya grafiki. Zima, washa tena, halafu kama mashine inawaka kwa UEFI (mrithi wa BIOS kwenye mashine mpya) gonga gonga spesi ba mapema kabisa, kama ni BIOS ya zamani shikilia Shift, itatokea menyu ya maandishi. Nenda kwenye machaguo ya usalama weka alama kwenye “Use fail-safe graphics driver”, rudi, endelea kuwasha. Mimi ilitokea desktopu hapo hapo nikashangilia peke yangu sebuleni. Menyu hiyohiyo ina sehemu ya kuzima ACPI (usimamizi wa umeme na vifaa), kuzima kor zote ikabaki moja, na ya kuonyesha maandishi ya kila kinachotokea wakati inawaka. Jaribu moja moja, ukiwasha zote kwa pamoja hutajua ipi imekusaidia.

Kuiweka kwenye diski ni kazi fupi, unagawa patisheni (vipande vya diski) kwa programu ya DriveSetup, unafomati ya Haiku kwa Be File System (mfumo wake wa kutunza mafaili), programu ya Installer inakopi, imeisha. Ila kwa UEFI kuna hatua watu wanairuka: Installer ikimaliza bado inabidi ukopi kwa mkono folda la EFI kutoka kwenye ile sehemu ya flashi inayoitwa haiku esp ulipeleke kwenye patisheni ya EFI ya diski yako, iwe FAT32. Nilisahau, nikachomoa flashi, mashine ikasema haina cha kuwasha. Nikarudisha flashi, nikakopi, ikawaka. Kama patisheni hiyo tayari ina Windows usifute kilichomo, kwanza hifadhi nakala.

Matumizi yenyewe sasa. Ni nyepesi jamani, madirisha yanafunguka kabla hujainua kidole, kwenye GB 4 naona nafasi imebaki kibao. Wi-Fi yangu ilishika bila kuguswa, draiva nyingi za Wi-Fi wamezichukua kutoka mifumo mingine ya FreeBSD na OpenBSD. Tafuta faili kwa sifa zake na jibu linakuja papo hapo, hiyo ndo raha ya Be File System. Udhaifu upo: laptop hailali ukifunga kifuniko, lazima uizime, video kazi yote inabebwa na CPU (prosesa) kwahiyo 1080p kwangu inakwaruza, na brauza ya WebPositive kuna tovuti nzito inazishindwa, fungua HaikuDepot (sehemu ya kupakulia programu) uongeze nyingine.

Kitu kilichonifanya niiamini ni hiki. Kila ukisasisha programu za mfumo inatunza hali ya nyuma, na kwenye ile menyu ya kuwashia unachagua tarehe unayotaka irudi. Jana nimejaribu makusudi, nikasasisha kila kitu, nikazima, nikagonga spesi, nikachagua hali ya juzi, ikawaka kama nilivyoiacha. Nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeishikilia mpaka laptop ianze kulala.