Mfumo uliopanga timu za shule kwa alfabeti

Nimekaa na jambo hili moyoni tangu masika yalipokatika. Ninaliandika sasa kwa sababu nimesikia kwamba kampuni iliyotutengenezea mfumo wa mtandaoni wa kuendesha mashindano ya mpira wa miguu ya shule hapa Moshi imeanza kuwafuata walimu wa michezo wa wilaya nyingine. Wasiikubali. Nasema hivyo ingawa mimi mwenyewe ndiye niliyewashawishi wakuu wa shule 16 wachange fedha, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kupanga ratiba kwenye daftari na kujibu simu hadi usiku wa manane.

Tulikuwa na makundi manne ya timu nne nne, yaani mechi 24 kabla ya hatua ya mtoano. Katika kundi moja timu mbili zililingana kwenye nafasi ya pili: kila moja ilikuwa na pointi 4, imefunga mabao 4 na kufungwa 4, na zilipokutana zenyewe zilitoka sare ya 1–1. Kanuni yetu, ambayo niliiandika kwa mkono wangu na kuwakabidhi watu wa kampuni kabla kazi haijaanza, inasema kwamba hapo zihesabiwe kadi, na zikilingana hata kwa kadi ndipo ipigwe kura. Mfumo haukuhesabu kadi. Uliipandisha shule ambayo jina lake linaanza na K na kuishusha ya M, kisha papo hapo ukawatumia wakuu wote wa shule ujumbe kwamba K imeingia robo fainali.

Vijana wa M walitoka juu kule Uru, na Coaster yao ilikodiwa kwa siku, kwa hiyo nilipofika getini walikuwa wameshapanda. Nahodha wao alikuwa amepakata njumu zake ndani ya mfuko wa salfeti, udongo mbichi ukiwa bado umeshika kwenye meno ya njumu hizo. Akaniuliza kupitia dirishani, "Shikamoo mwalimu. Kwani wao wametuzidi nini?" Sikuwa na jibu. Usiku, nilipopitia ripoti za waamuzi, nikakuta M ina kadi moja ya njano na K ina tatu. Gari lilikuwa limeshachukuliwa na mkodishaji mwingine, watoto wametawanyika makwao, na K ikacheza robo fainali asubuhi.

Nilimpigia simu kijana anayesimamia mfumo, nikitegemea neno la pole. Akanijibu, "Mwalimu, huo ni mpira wa watoto tu, mambo ya kuhesabu kadi waachie FIFA." Nikamweleza kwa utulivu kwamba katika Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi, Japani na Senegali zilimaliza na pointi 4 kila moja, mabao 4 kwa 4, sare ya 2–2 baina yao, na Japani ikavuka kwa sababu ilikuwa na kadi 4 za njano dhidi ya 6 za wenzao. Kabla sijamaliza, akakata simu.

Haki inanidai niseme jambo jingine. Miaka yote tumegombana kuhusu mamluki, vijana waliokwisha kumaliza kidato cha nne wakirudi kuvaa jezi za shule. Safari hii kila mchezaji alisajiliwa na picha yake, kamisaa akawa anafungua simu pembeni mwa uwanja na kulinganisha sura, na wawili walinaswa kabla ya mechi ya kwanza. Kwa hilo pekee nilikaribia kuandika maneno ya sifa, nikajiambia kwamba labda ninawaonea, kwa kuwa kosa la mpangilio hurekebishwa kwa siku moja.

Walilirekebisha kweli. Wakatuletea ankara ya "kazi ya ziada", kwa kanuni ileile niliyowakabidhi mwanzoni! Ankara hiyo ninayo mezani na sitailipa. Mwalimu ambaye ameshatia saini nao, ninamwomba aingize timu mbili za kubuni zinazolingana kwa kila kitu isipokuwa kadi, aangalie ipi inakaa juu, na afanye hivyo kabla timu yoyote haijapanda gari.