Krenki yangu ilichongwa bila kupimwa

Maikromita, kile kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, ilikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ilikuwa ndani ya kisanduku chake cha mbao, juu ya rafu, hatua mbili kutoka aliposimama, kifuniko kimefunikwa na vumbi la kusaga. Fundi mkuu wa karakana ile ya kuchonga krenki, yaani mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, hakuigusa. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya pini ya tatu, moja ya shingo ambazo konrodi (mikono ya pistoni) hushika krenki, akainua uso, akasema: "Inachongwa yote. Nusu milimita." Krenki yangu haikuwa imemaliza hata dakika moja mezani pake.

Injini yenyewe ni dizeli ya silinda 4, imefanya kazi nzito kwa miaka mingi. Ilianza kugonga kwa sauti nzito ya chini kila nikipanda mlima na mzigo, na ikishapata moto taa ya oili inapepesa pale inapounguruma tu bila kukanyagwa. Fundi wangu wa gereji, ninayemwamini, alishusha sampu, bakuli la oili chini ya injini, akatoa beringi, zile bamba nyembamba zinazozizunguka shingo za krenki. Zile za pini ya tatu zilikuwa zimelika mpaka rangi ya shaba imejitokeza. Za pini nyingine zilikuwa zimefifia, lakini laini. Za meni, yaani shingo 5 zinazoikalisha krenki kwenye bloku, zilikuwa safi, ila moja ina mkwaruzo mwembamba. Akaniambia: "Pini ya tatu sina shaka nayo, hiyo ni ya kuchongwa. Hizo meni usikubali ziguswe mpaka zipimwe."

Nikaenda na maneno hayo. Nikamwambia yule bwana kwa adabu zote, "Fundi, naomba kabla hatujachonga tuzipime kwanza." Akanijibu bila kunitazama: "Bosi, kazi hii nimeanza wewe hata kuendesha hujui." Nikarudia. Akawageukia vijana wake: "Huyu anataka tumfungulie shule." Wakacheka. Mimi niliyebeba chuma kizito kile mikononi kutoka kwenye gari, nimesimama pale, wananicheka.

Ukucha una kazi yake, sikatai. Ukikwama kwenye mkwaruzo, kupiga polishi pekee hakutoshi. Lakini ukucha haukuambii kama pini imekuwa yai. Pini ya konrodi hailiki sawasawa, kwa sababu mlipuko huisukuma upande mmoja kuliko mwingine. Inaweza kung'aa kama kioo na isiwe duara. Ndiyo maana kila shingo hupimwa mara mbili mahali pamoja, kipimo cha pili kikipita msalaba wa cha kwanza, kisha unasogea upande wake wa pili unarudia, uone kama imelika zaidi huko. Kwa krenki ya pini 4 na meni 5 hivyo ni vipimo 36. Mzoefu atavimaliza chai yake haijapoa. Tofauti inayotafutwa ni sehemu chache tu za mia za milimita moja, na kikomo chake kimeandikwa kwenye kitabu cha injini husika. Hakuna kidole kinachoweza kusoma duara lililopotea kwa milimita 0.03.

Na hakuuliza hata ni krenki ya injini gani! Zipo krenki ambazo ugumu wake ni ngozi nyembamba ya nje iliyokomazwa kwa nitrojeni. Hizo ukizichonga bila kuzikomaza upya unaweza kubaki na chuma laini kitakacholika haraka. Yangu si ya aina hiyo, lakini yeye angejuaje?

Nilikubali. Gari lilikuwa limelala wiki kadhaa, nimechoka, na kwa hilo nimejilaumu sana. Krenki ikarudi, pini zote zimeshuka nusu milimita, meni zote zimeshuka nusu milimita. Hapo ndipo nilipoelewa nimenyang'anywa nini. Beringi za saizi ndogo, yaani zile nene zaidi za kujazia kilichochongwa, huja kwa hatua, na kwa injini nyingi ni milimita 0.25, 0.50, kisha 0.75. Mimi nimerushwa hatua mbili kwa mkupuo, sehemu ambazo pengine zilihitaji polishi tu. Na chuma kilichochongwa hakirudi. Hakuna tena wa kuipima krenki ile aseme meni zilikuwa nzima au zimechoka. Jibu lilikwenda na maji ya mashine.

Nataka niwe mkweli hapa, maana kwa siku nyingi nilikuwa nawalaumu hata kwa zile pini nyingine tatu, kumbe bure. Beringi za konrodi hununuliwa kwa seti, kwa hiyo pini moja ikishuka nyingine nazo hushushwa zilingane nayo. Katika hilo yule bwana alikuwa sahihi. Huenda hata nusu milimita ilikuwa sahihi kwa ile pini ya tatu, kwa namna ilivyokuwa imekwaruzika. Lakini meni ni seti nyingine! Pini zinaweza kushuka na meni zikabaki standadi, saizi yake ya kiwandani, na injini ikatembea vizuri tu.

Kazi ya mashine yao, nitasema bila kinyongo, ni nzuri. Tulipofika gereji tulizipima shingo zote 9, hatukuona tofauti ya maana. Kona pale pini inapokutana na bega zimeachwa na mviringo wake, hazikukatwa kali, na kona kali ndiyo huanzisha ufa. Midomo ya matundu ya oili imelainishwa. Tukabana uzi wa plastigeji, uzi laini unaopondwa kati ya beringi na shingo ili upana wake uonyeshe nafasi iliyopo, na nafasi ya oili ikasomeka ndani ya kiwango cha kitabu kila mahali. Sasa injini haigongi, na ile taa imetulia hata nikitoka mlimani. Ina maana wakati wa kuchonga anapima, tena anapima vizuri, kwa kifaa kingine kilichopo hapo kwenye mashine. Anapima anakokwenda, hapimi alikotoka. Nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota 4.

Kisha nikakumbuka matundu. Kabla ya kufunga, fundi wangu alipitisha brashi nyembamba kwenye njia za oili ndani ya krenki, ikatoka na uji wa kijivu, vumbi la jiwe na chuma. Tungeifunga hivyo hivyo, uji ule ungesukumwa kwenye beringi mpya mara tu injini inapowaka. Nilimpigia yule bwana kumweleza. Akasema, "Kuosha ni kazi ya anayefunga," akakata simu. Ni kweli anayefunga lazima aoshe, sibishani na hilo. Lakini unapomkabidhi mtu krenki yake unashindwaje kumwambia neno moja, kwamba humo ndani bado kuna uchafu?

Sasa sijui niweke nyota ngapi. Nimeandika 3, nikafuta, nikaweka 1, na sasa nimeacha 2. Mwenye krenki iliyokwisha kupimwa kwingine na vipimo vyake kwenye karatasi, aende pale, atachongewa vizuri. Asiyejua bado kama yake inahitaji kuchongwa, asipeleke. Beringi zangu za meni za zamani nimezihifadhi kwenye kitambaa. Jana nimezitoa tena nikazitazama juani. Bado ni laini, na hakuna hata moja iliyofika kwenye shaba.