Barabara za False Bay kwa Baiskeli: Upande Usiosifiwa wa Rasi

Mtu akitaja baiskeli na Cape Town kwa pamoja, jina linalofuata huwa ni Chapman's Peak, ile barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima juu ya Bahari ya Atlantiki. Niliipita mara mbili katika siku nne nilizokuwa huko mwezi Novemba, na sina ubishi na sifa zake. Hata hivyo, mgeni mwenye siku moja tu na miguu ya kawaida ningemshauri aimalizie siku hiyo upande wa pili wa rasi, kwenye ufuo wa False Bay, kuanzia Muizenberg hadi kilima cha Smitswinkel, kwa sababu huko ndiko barabara na bahari zinakoandamana kwa muda mrefu zaidi bila kumtoza mwendeshaji jasho kubwa.

False Bay, yaani Ghuba ya Uongo, ilipata jina lake kutokana na mabaharia waliokuwa wakirudi kutoka mashariki, ambao waliiona ncha ya Hangklip, wakadhani wamekwisha kuizunguka Rasi, wakageukia kaskazini mapema na kujikuta ndani ya mfuko huu badala ya Table Bay, ghuba yenye bandari ya Cape Town. Uongo wa pili ni wa siku hizi: mgeni huambiwa kwamba maji ya ghuba hiyo ni ya Bahari ya Hindi, ilhali mpaka wa bahari hizo mbili umewekwa Rasi ya Agulhas, mbali zaidi kusini-mashariki. Mtu wa pwani yetu hahitaji ramani kulijua hilo. Atie mguu majini tu.

Jambo la kwanza la kuamua, kabla hata ya kukagua pumzi ya matairi, ni upande wa kuanzia. Kuanzia majira ya kuchipua hadi mwisho wa kiangazi chao huvuma upepo mkali wa kusini-mashariki, ambao wenyeji wanauita Daktari wa Cape kwa imani ya zamani kwamba unafagia hewa chafu ya mji. Sisi tungeuita kusi, isipokuwa kule unavuma katika miezi ambayo kwetu ni ya kaskazi. Si upepo wa kuchezea: mwaka 2017 mbio za Cape Town Cycle Tour, ambazo zimekuwapo tangu 1978 na ambazo njia yake ya kilomita 109 hupita humu humu, zilifutwa siku yenyewe kwa sababu yake. Kwa hiyo ni busara kuzunguka kama mshale wa saa, yaani kushuka kusini kwa upande wa mashariki huku upepo ukikupiga usoni miguu ikiwa bado mipya, kisha kurudi kaskazini kwa upande wa magharibi huku ukisukumwa mgongoni. Kuna faida nyingine ambayo sikuiona ikitajwa popote. Afrika Kusini huendesha kushoto kama sisi, na kwa mwelekeo huo bahari nayo iko kushoto, hivyo mwendeshaji hubaki upande wa maji karibu njia nzima, bila gari lolote kumzibia mandhari.

Nilianzia Muizenberg asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Kutoka hapo hadi Simon's Town ni kilomita zisizozidi 15, karibu zote tambarare, na reli iliyofika Simon's Town mwaka 1890 inapita kati ya barabara na bahari, karibu na maji kiasi kwamba siku ya mawimbi makubwa chumvi huifikia lami. Hiki ndicho kipande nilichokirudia kila siku. Kuna St James na vibanda vyake vya rangi, kisha Kalk Bay, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Ghuba ya Chokaa, kwani jina lake limetokana na tanuri za kuchomea kombe ili kupata chokaa, kazi ambayo wazee wa Kilwa na Lamu wangeitambua mara moja. Bandarini huuzwa samaki aitwaye snoek, mwenye miiba mingi na mafuta ya kutosha, na chipsi zake, nakiri kwa shingo upande, zinazishinda nyingi nilizokula Dar es Salaam.

Kalk Bay hiyo hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote kwa baiskeli. Barabara ni nyembamba, magari yameegeshwa upande wa kushoto, na milango hufunguliwa ghafla na watu wanaotafuta kahawa. Baada ya saa tatu asubuhi, hasa Jumamosi na Jumapili, mwendo wa gari ni wa hatua kwa hatua na hakuna nafasi ya kupita salama. Anayetaka kuifurahia aipite mapema, au akubali kushuka na kuikokota baiskeli mita mia chache. Fish Hoek, inayofuata, ni mji mtulivu mno; ardhi yake ilitolewa mwaka 1818 kwa sharti kwamba isiwekwe baa, na kwa miongo mingi sharti hilo liliheshimiwa. Mimi nilihitaji maji na ndizi tu, na vyote vilipatikana.

Simon's Town ni kituo cha jeshi la majini, na kilikuwa mikononi mwa Waingereza hadi 1957. Mbele yake kidogo uko ufuo wa Boulders, ambako jozi mbili tu za pengwini zilianza kutaga mwaka 1982 na baadaye likazaliwa kundi kubwa. Pengwini hao wa Afrika sasa wamo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Baiskeli haiingii ndani, lakini baadhi ya pengwini hutembea nje ya uzio kana kwamba wanasubiri daladala.

Baada ya hapo nyumba hukoma, na barabara huanza kupanda taratibu kuelekea Smitswinkel. Hapa ndipo palipoifanya safari yangu. Kilima chenyewe si kirefu na hakina ukali wa kutisha. Ni aina ya mpando ambao mtu aliyezoea barabara ya Bagamoyo, kama mimi, anaweza kuumaliza akiwa bado ameketi kwenye tandiko. Kila kona inaifungua ghuba zaidi, hadi unauona ukuta wa milima ya Hangklip upande wa pili kama kisiwa kinachoelea, na chini yako maji yanabadilika kutoka kijani hadi buluu nzito. Kati ya Julai na Novemba nyangumi huingia ghubani kuzaa na kulea, na asubuhi hiyo niliona mgongo mmoja ukiibuka na kuzama, mara mbili, kisha basi. Nilisimama robo saa nikingoja wa tatu. Onyo moja: nyani wa eneo hili wamezoea watu, na ndizi inayochungulia mfukoni mwa jezi ni mwaliko. Chakula kifichwe, na mtu asisimame kula penye kundi lao.

Juu kuna njia panda ya kuingia hifadhi ya Rasi ya Tumaini Jema, ambayo hutozwa kiingilio. Ndani imo minara miwili ya kuwakumbuka mabaharia Wareno Dias na da Gama, na aliyewahi kuuona mnara wa da Gama pale Malindi, alikofika mwaka 1498 baada ya kuizunguka rasi hii, atavutiwa kuona upande wa pili wa hadithi. Kama baiskeli tu ndiyo iliyokuleta, hifadhi inaweza kungoja siku nyingine, kwa sababu kutoka langoni barabara inateremka kwenda Scarborough, mteremko mrefu na wazi ambao ni malipo halali ya upepo wote wa asubuhi.

Mteremko huo nusura unitie matatani. Duka lililonikodisha baiskeli, ambalo sitalitaja, lilinipa mashine nyepesi na safi yenye raba za breki za nyuma zilizokwisha hadi chuma, na nililigundua hilo nikiwa katika mwendo wa kasi, upepo wa ubavuni ukiusukuma usukani. Kosa lilikuwa langu pia, maana nilizikagua gia nikaziacha breki. Nilimaliza mteremko kwa breki ya mbele na dua, nikapita Misty Cliffs, ambako ukungu wa mawimbi kweli hulowesha miwani, nikafika Kommetjie, na badala ya kwenda Chapman's Peak nikakata bonde kurudi Fish Hoek kununua raba mpya. Hivyo ndivyo nilivyougundua mzunguko mdogo wa karibu kilomita 60, unaoanzia na kuishia Muizenberg, na ambao sasa ndio ninaoupendekeza kwa kila mtu.

Chapman's Peak niliipita kesho yake. Ilijengwa kati ya 1915 na 1922, sehemu kubwa kwa nguvu za wafungwa, na mafundi waliichonga pale ambapo mwamba mgumu wa chini unakutana na tabaka laini la juu, jambo linaloeleza kwa nini ina kona 114 katika kilomita tisa, na pia kwa nini mawe huanguka. Ilifungwa mwaka 2000, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2003 ikiwa na nyavu, paa za zege na tozo kwa magari, baiskeli hazilipi. Hufungwa tena pakiwa na hatari, hivyo ulizia kabla ya kutoka. Kutoka Noordhoek mpando ni wa wastani, lami ni nzuri, na kutoka kileleni Hout Bay inaonekana kama bakuli. Ninaiheshimu. Lakini magari ya watalii ni mengi, ukuta wa jiwe umekubana, na raha yake imekwisha kabla hujazoea. Baada yake kinangoja kilima cha Suikerbossie, kifupi na kikali, ambacho sikukifurahia hata kidogo. Bila gia ya nyuma yenye meno 28 au zaidi, mtu wa nchi tambarare atashuka atembee.

Kuhusu usalama, kofia ngumu ni lazima kisheria, na kanuni za jimbo la Western Cape zinamtaka dereva ampishe mwendesha baiskeli kwa angalau mita moja. Madereva wengi niliokutana nao waliitii, kuliko nilivyotarajia. Wizi wa baiskeli kwa nguvu upo katika baadhi ya vipande vilivyo mbali na nyumba, na wenyeji hupanda kwa makundi. Nami baada ya siku ya kwanza nilijiunga nao alfajiri, nikaokoa pumzi kwa kujificha nyuma ya migongo yao dhidi ya upepo.

Siku ya mwisho nilirudisha baiskeli, nikamkabidhi kijana wa dukani raba zile za zamani nilizokuwa nimezifunga katika karatasi. Alizigeuza mkononi, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, kisha akaniuliza kama nilifanikiwa kufika Chapman's Peak.